Shahidi wa Karibu: Mhadhara juu ya Vitambuzi vya Kuangalia Mwale wa Nyutrino

Bwana Mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia kwa umri na kwa elimu, mabibi na mabwana, na nyinyi wanafunzi mliosimama ukutani kwa kukosa viti: nilipoombwa kusema mbele ya hadhara hii nilitaka kutoa udhuru, kwa kuwa jambo ninalolijua ni dogo mno, halionekani kwa jicho wala halishikiki kwa mkono. Lakini Bwana Mwenyekiti alinijibu kwamba jambo lisiloonekana ndilo hasa lenye haja ya kuelezwa, na hoja hiyo ikanishinda.

Makusudi yangu jioni hii ni kueleza jinsi vinavyoundwa vitambuzi vya kuuangalia mwale wa nyutrino pale pale unapotoka, kabla haujashika safari yake ya mbali. Mfano wangu utakuwa mmoja, nao ni kazi iitwayo T2K huko Japani, yaani kutoka Tokai hadi Kamioka. Kile kitambuzi kikubwa cha Kamioka kimekwisha kusifiwa, nami sina la kukizidishia. Nimekuja kuwatetea wadogo walio karibu na chanzo, ambao kazi yao ni kusema kila siku kwamba mambo ni yale yale ya jana, na ambao wasiposema hivyo kwa haki, mkubwa yule wa mbali hana ushahidi wa kusikilizwa.

Kwa wale ambao jina la nyutrino ni geni masikioni mwao, nitasema machache. Ni chembe isiyo na chaji ya umeme, yenye uzito mdogo hata mizani zetu bado hazijaupima. Wolfgang Pauli alidhani kuwapo kwake mwaka 1930, na Clyde Cowan na Frederick Reines wakaithibitisha mwaka 1956 karibu na tanuri la nyuklia huko Marekani. Robo ya karne ilipita, basi, baina ya dhana na yakini. Hebu kila mmoja atazame ukucha wa kidole chake cha gumba. Katika kila sentimita mraba hupita nyutrino za jua zaidi ya bilioni 60 kwa kila sekunde, nanyi hamhisi kitu. Naona wengine wanachungulia dirishani kuona kama jua limekwisha kuchwa. Limekuchwa, lakini hilo halina athari: usiku zinakuja kutoka chini ya miguu yetu, zikiwa zimeipenya dunia nzima kama jamvi la ukili linavyopenywa na upepo.

Nyutrino zina jinsi tatu, na ajabu yake ni kwamba hubadilika jinsi zikiwa safarini. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1998 katika Super-Kamiokande, kile kitambuzi kikubwa cha Kamioka, na Takaaki Kajita akapewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015, pamoja na Arthur McDonald wa Kanada. Ili kuyachunguza mabadiliko hayo kwa mpango, watu hawakuridhika kungojea nyutrino za mbinguni, bali wamejitengenezea zao wenyewe.

1. Hoja yangu ya kwanza ni kwamba nyutrino haiongozwi; huongozwa wazazi wake.

Katika kituo cha J-PARC, kilichopo Tokai, katika pwani ya mashariki ya Japani, protoni huzungushwa hata zipate nishati ya elektroni-volti bilioni 30, kisha hutolewa kwa mikupuo, mkupuo mmoja kila baada ya sekunde chache, na kupigwa katika shabaha. Shabaha hiyo ni mchi wa grafiti, jamaa wa ile iliyomo ndani ya penseli zenu, wenye urefu wa sentimita 90 hivi na upana wa sentimita 2.6. Katika mgongano huo hutawanyika chembe nyingi ziitwazo pioni, nazo, kwa kuwa zina chaji, hukusanywa na kuelekezwa mbele na vyombo vitatu vyenye umbo la baragumu, ambavyo hupitishiwa mkondo mkubwa wa umeme, uliokuwa wa ampea 250,000 kwa miaka mingi, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Fikra ya baragumu hili la sumaku ni ya Simon van der Meer, aliyeitoa katika kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1961. Baada ya hapo pioni huingia katika handaki la mita 96 lililojazwa gesi ya heliamu, na humo njiani huvunjika, kila moja ikazaa muoni moja na nyutrino moja.

Mwisho wa handaki pana ukuta mnene wa grafiti na chuma. Karibu kila kitu hukomea hapo. Nyutrino hupita kana kwamba ukuta haukujengwa.

Basi tazameni taabu iliyopo. Nyutrino ikishazaliwa haina usukani. Protoni zikigonga shabaha milimita moja upande, au mkondo wa baragumu ukipungua kidogo, mwale wote huelekea kusikotakiwa, wala hakuna awezaye kuukimbilia na kuurudisha, na wala hakuna taa itakayowaka kuonya. Na katika T2K jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwale haukuelekezwa Kamioka sawasawa, bali kwa makusudi umepindishwa kwa nyuzi 2.5.

Pengine mtaniuliza: je, wameukosea kwa hiari yao? Ndiyo, na kwa hekima. Anayesimama mbele ya kurunzi hupata nuru nyingi, lakini katika mwale wa namna hii nuru hiyo ni mchanganyiko wa nishati za kila kiasi. Anayesimama kando hupata nyutrino chache, walakini karibu zote zina nishati moja, nayo huko Kamioka ni elektroni-volti milioni 600 hivi. Hiyo ndiyo nishati ambayo, kwa safari ya kilomita 295, mabadiliko ya jinsi hufikia upeo wake. Ila mwenye kuchagua kusimama kando hulipia uchaguzi huo: mwale ukihama kwa miliradiani moja tu, nishati hiyo husogea kwa asilimia mbili hadi tatu, na mtafiti huweza kudhani ameona siri ya maumbile kumbe ameona hitilafu ya mtambo wake. Miliradiani moja ni mita 295 huko Kamioka, lakini ukiipima mita 280 tu kutoka kwenye shabaha ni sentimita 28, kiasi cha urefu wa rula ya mwanafunzi. Hapo ndipo alipowekwa shahidi wetu mkuu. Lakini kabla yake yuko mwingine.

2. Shahidi wa kwanza ni pacha wa nyutrino.

Nimesema kwamba pioni huzaa muoni na nyutrino kwa wakati mmoja. Mapacha hawa hawafanani tabia: mmoja hajulikani alipopita, na mwingine, kwa kuwa ana chaji, huacha alama kila aendako. Muoni zenye nishati ya zaidi ya elektroni-volti bilioni 5 huupenya ule ukuta wa mwisho, na nyuma yake, mita 118 kutoka kwenye shabaha, hukutana na chombo kiitwacho MUMON. Hiki ni safu mbili za vitambuzi, 49 vya silikoni na 49 vya vyumba vya gesi, kila safu ikiwa saba kwa saba, na baina ya kimoja na jirani yake pana sentimita 25. Kila mkupuo wa protoni hutoa picha moja ya mahali muoni zilipo nyingi na mahali zilipo haba, na katikati ya picha hiyo ndiko mwale ulikoelekea.

Kwa nini wakaweka safu mbili zenye kazi moja? Kwa sababu silikoni huchoka kwa kupigwa mno na mnururisho, na gesi hubadili tabia yake kwa joto na kanieneo. Udhaifu wa mmoja si udhaifu wa mwenziwe. Wakikubaliana, ni nadra kuwa wamedanganyika pamoja.

Hata hivyo pacha si mwenyewe. Muoni zinazofika hapo ni zile zenye nguvu tu, na zilizobaki ukutani hatukuziuliza lolote. Ushahidi wa MUMON ni wa haraka, nao una thamani kubwa kwa haraka hiyo, lakini ni ushahidi wa jamaa, na kadhi mwangalifu hutaka vilevile kumsikia mwenye kesi.

3. Nyutrino yenyewe lazima ihesabiwe, na hapa ndipo penye ufundi.

Jina la kitambuzi hiki, shahidi wetu mkuu wa mita 280, ni INGRID. Kimo ndani ya shimo la mviringo lenye kina cha mita 37 na upana wa mita 17 na nusu, nacho ni masanduku 14 yaliyopangwa kwa umbo la msalaba, saba yamelala na saba yamesimama, upana wake mita 10 kila upande, na yale mawili ya katikati moja liko mbele na jingine nyuma. Kisha yako mawili ya ziada nje ya msalaba. Kila sanduku lina mabamba tisa ya chuma yenye unene wa sentimita 6.5, na baina yake zimepangwa tabaka za plastiki ya kumeremeta, tabaka 11 kwa jumla. Mwenye akili ya hesabu atasema kwamba tabaka 11 zina nafasi kumi, basi bamba la kumi liko wapi? Halikuwekwa, kwa kuwa sanduku lingekuwa zito kupita kiasi kilichoruhusiwa. Hata bila ya hilo chuma chake ni tani 7.1. Nalipenda jibu hili kwa sababu ni jibu la fundi, si la kitabu.

Chuma ni cha nini? Ni chambo. Nyutrino hugongana na kitu kwa nadra sana, kwa hiyo huwekewa kitu kizito na kingi, na chuma ni kizito na si ghali. Ikitokea moja kati ya mabilioni ikagonga kiini cha chuma, hutoka muoni, ikapenya tabaka moja baada ya nyingine, na kila tabaka humeremeta pale ilipopitiwa.

Nimekuja na kipande kimoja cha plastiki hiyo. Kitapitishwa safu kwa safu, nami naomba kirudi. Mkikishika mtaona ni chepesi, kimepakwa rangi nyeupe kama chokaa, unene wake sentimita moja na upana tano. Vile vya INGRID vina umbo hilo hilo, ila urefu wake unazidi mita moja na robo haijatimia, na katika kila tabaka vimo 24 vilivyolala na 24 vilivyosimama. Ule weupe ni wa kuirudisha ndani nuru isitoroke. Tazameni tundu lililopita katikati: humo hupitishwa uzi wa nuru wenye unene wa milimita moja. Plastiki ikipitiwa na chembe hutoa nuru ya samawati, dhaifu mno. Uzi huimeza nuru hiyo na kuitoa tena ikiwa ya kijani, kisha huichukua hadi mwisho wake, ambako hukutana na kitambuzi kidogo cha silikoni, chenye upana wa milimita 1.3, kilichogawanywa vijidirisha 667. Kila kijidirisha kikipigwa na chembe moja ya nuru hulia mara moja. Anayehesabu milio amehesabu nuru.

Mimi nilijifunza kazi hii katika karakana ambayo sitaitaja, nikiwa kijana, na nataka niwasimulie usiku mmoja wake ili msidhani kwamba elimu hii inakaa vitabuni tu. Tulikuwa na kisanduku cha majaribio kilichofungwa gubigubi kwa utepe mweusi, na kilikuwa kinalia bila kukoma, hata tukadhani vijidirisha vimeharibika. Siku mbili tulibadili nyaya, tukashusha umeme, tukalaumiana. Usiku wa pili mwenzangu alizima taa ya chumba kwa kuwa macho yalimuuma, na kisanduku kikanyamaza. Akaiwasha, kikalia. Palikuwa na tundu katika kona ya utepe, si kubwa kuliko la sindano ya kushonea kofia, nalo lilikuwa limetosha kuingiza nuru kuliko yote ambayo chembe zetu zingeweza kutoa. Tangu siku hiyo siamini kona yoyote niliyoifunga mimi mwenyewe, mpaka nimulike kwa kurunzi.

4. Sifa kuu ya mlinzi ni kufanana, wala si werevu.

Hoja hii ndiyo niliyoijia. Kuna vitambuzi vyenye akili kuliko INGRID, hata katika shimo lile lile: kipo ND280, kilichomo ndani ya sumaku kubwa iliyotoka CERN, ambacho hutambua kila chembe ni ya namna gani na ina mwendo gani. INGRID hakijui mambo hayo. Kinahesabu vichwa. Lakini kinahesabu kwa masanduku 14 yaliyoundwa sawasawa, chuma kile kile, plastiki ile ile, nyuzi zile zile. Na faida ya usawa huo ni kwamba makosa tusiyoyajua yako sawa katika kila sanduku, hivyo tukilinganisha sanduku na sanduku makosa hayo hufutana, na kinachobaki ni umbo la mwale. Sanduku la katikati lina nyingi, la pembeni lina chache. Kitovu kikihama, mizani ya kulia na kushoto huinama.

Kwa njia hiyo mwelekeo wa mwale hupimwa kwa usahihi wa chini ya miliradiani 0.4, ilhali uliotakiwa ulikuwa wa moja. Tena mashine ikienda kwa nguvu yake, siku moja hutosha kupata hesabu ya kuaminika. MUMON husema kwa kila mkupuo na INGRID husema kila siku. Wa kwanza mwepesi, wa pili mzito.

Thamani ya jambo hili ilionekana baada ya balaa. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kuu la ardhi liliipiga pwani ile ya mashariki, na mitambo ya Tokai ikanyamaza kwa miezi mingi. Mwale uliporudi kutumika mwaka 2012, swali la kwanza halikuwa nyutrino ngapi zimebadilika jinsi, bali kama nchi iliyosogea ilikuwa imeusogeza mwale pamoja nayo. Na wa kujibu hawakuwa wakuu wa Kamioka, bali wapima ardhi na walinzi hawa wawili. Mwaka 2013 T2K ilitangaza kwamba imeona huko Kamioka nyutrino 28 za jinsi ya elektroni, ambapo kama hakuna mabadiliko zingetarajiwa kama tano tu. Ishirini na nane, mabibi na mabwana, katika kazi ya miaka. Hesabu iliyo ndogo hivyo haivumilii shaka juu ya chanzo chake.

5. Mlinzi naye hulindwa.

Hapa nitapita upesi, kwani saa inanitazama. Chembe za muoni hunyesha kutoka angani usiku na mchana, bure, nazo hutumiwa kupima kila kipande cha plastiki kama kingali kinameremeta kama zamani. Lakini si kila kitu hupimika kwa mvua hiyo. Mtakumbuka habari ya Septemba 2011, ambapo wataalamu wa OPERA, waliopokea nyutrino za CERN chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia, umbali wa kilomita 730, walisema kwamba zimefika nanosekunde 60 kabla ya wakati, yaani zimeishinda nuru mbio. Dunia ilishtuka. Miezi michache baadaye wao wenyewe walitangaza kwamba walikuta kiunganishi cha waya wa nuru hakikusukumwa kikafika mwisho, na saa moja yenye kasoro. Wako waliowacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ya lile tundu la sindano. Na tena walitoa shaka yao hadharani, na kosa lao wakalitoa hadharani vilevile.

Sasa nitazame mbele kabla sijaketi. Japani inajenga kitambuzi kipya, Hyper-Kamiokande, kikubwa kuliko cha sasa kwa mara nyingi, na kwa ajili yake kimepangwa kitambuzi cha kati chenye maji, ambacho kitapanda na kushuka ndani ya shimo refu, kionje mwale kwa pembe mbalimbali badala ya moja. Marekani nao wanajenga DUNE, ambayo mwale wake utatoka kituo cha Fermilab na kwenda kilomita 1,300 hadi South Dakota. Na huko pia kitambuzi kikubwa cha karibu, chenye argoni iliyo kimiminika, kitasukumwa kando kwa reli kisha kirudishwe. Wajenzi wamegundua kwamba shahidi anayetembea huona mengi kuliko aliyekaa.

Ila hebu niwaonyeshe jambo moja katika mpango huo wa DUNE, ambalo wageni hulipita bila kulitazama. Kando ya kitambuzi kitakachotembea kimewekwa kingine, jina lake SAND, ambacho kazi yake mojawapo ni kutotembea kabisa. Kitakaa katika mstari wa mwale siku zote, na mwenzake akiondoka, chenyewe kitabaki kuhesabu, ili akirudi aambiwe kama mwale ni ule ule aliouacha. Vyuma vyake, nyuzi zake na plastiki yake bado vinahitaji mikono ya kuvifunga na macho ya kuvimulika kona, na katika kazi hizi mikono hutoka nchi nyingi. Nanyi wanafunzi mliosimama ukutani mna umri unaofaa.

Bwana Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Kipande changu cha plastiki nakiona kimekwama safu ya nne; tafadhali kisogezwe, bado kuna watu nyuma ambao hawajakishika.